Kurekodi runinga nyumbani baada ya dijitali: mwongozo kamili kwa mwenye dikoda Mombasa

Enzi za video kaseti kurekodi kulikuwa kazi ya kitufe kimoja. Mashine ile ilikuwa na kipokezi chake ndani: watia kanda, wachagua stesheni, wabonyeza kitufe chekundu, kisha runinga waweza kuizima ukalala, au watoto wakatazama stesheni nyingine. Mitambo ya analojia ilipozimwa nchini mwaka 2015, kipokezi hicho hakikuharibika, ila kilibaki hakina cha kupokea. Matangazo sasa yaja kwa mfumo wa DVB-T2, na anayeyaelewa ni dikoda, au runinga iliyoundwa na dikoda ndani yake.

Kwa hivyo shika hili kabla hujatoa hata shilingi. Kwa matangazo ya antena, chombo cha kurekodi leo ni ama dikoda yenyewe, ama kitu kilichofungwa nyuma ya dikoda, ama kitu chenye kipokezi chake cha DVB-T2. Hakuna njia ya nne. Muuzaji akikwambia ana kidude cha kuchomeka kwenye USB ya runinga ya zamani kikarekodi stesheni zote, mwachie kidude chake.

La pili ni kwamba rekodi nyingi zinazoharibika haziharibiwi na dikoda. Zaharibiwa na mawimbi hafifu, diski mbovu au saa iliyokaa vibaya. Watu hununua dikoda ya pili na ya tatu, kumbe tatizo ni flashi ya bei ya kutupa. Ndiyo maana hapa chini nimekaa sana kwenye mambo hayo matatu na kupita haraka kwenye vitufe vya rimoti, maana vitufe utavizoea kwa jioni moja.

Na kabla ya yote, jiulize kama wahitaji kurekodi. Stesheni kubwa za Kenya huweka taarifa zao za habari na vipindi vingi YouTube. Kama una intaneti ya waya nyumbani na wataka taarifa ya jana tu, imo humo. Kurekodi kuna faida kwa anayenunua bando kidogokidogo, kwa kipindi ambacho hakiwekwi mtandaoni, na kwa kile unachotaka kukihifadhi mwenyewe bila kungoja mtu akifute.

## Jua ulicho nacho

Geuza dikoda yako uitazame. Tundu la USB peke yake si ushahidi. Kuna dikoda ambazo tundu hilo ni la kuchezea nyimbo na picha tu, au la kutilia programu mpya. Tafuta herufi PVR, yaani kirekodi cha video, kwenye boksi au kwenye menyu. Ikiandikwa "PVR Ready", maana yake uwezo wa kurekodi umo lakini diski utaleta mwenyewe.

Kwa kazi hii dikoda ya stesheni za bure ndiyo bora. Mawimbi ya dijitali nchini yabebwa na wasambazaji wachache: Signet iliyo chini ya KBC, PANG inayohusiana na StarTimes, na ADN ya mashirika matatu ya habari, Royal Media, Nation na Standard. Stesheni za bure kwa kawaida hazifungwi kwa ufunguo, basi dikoda huandika kwenye diski kilekile kilichokuja hewani, na faili hiyo huchezwa kwenye kompyuta, kwenye simu, au nyumbani kwa shangazi.

Dikoda za kulipia ni habari nyingine. DStv Explora, kwa mfano, ina diski yake ndani na hurekodi vizuri, lakini kilichorekodiwa ni cha kutazamwa kwenye dikoda ile, si cha kubebwa. Hata kwa dikoda za kulipia zinazorekodi kwenye flashi, faili huwa imefungwa. Usipoteze usiku ukitafuta mbinu za kuifungua.

Runinga zenye dikoda ndani nazo nyingi zina PVR, na ni rahisi kutumia. Zina mawili ya kukuonya. Kwanza, zitataka kuifomati diski zenyewe, na kila kilichokuwemo kitafutika, pamoja na picha za harusi ulizozisahau humo. Pili, rekodi hufungwa kwa runinga hiyohiyo. Ikifa, au fundi akibadilisha bodi, rekodi zote zimekwenda nayo. Kwa taarifa ya habari si kitu. Kwa kipindi alichohojiwa babu yako, usiitegemee.

Ukienda kununua dikoda, iwe Digo Road au duka la karibu na kwako, nenda na flashi yako mfukoni. Mwambie mwenye duka: "Kaka, hebu nirekodie dakika mbili nione." Akishamaliza, ichezeshe palepale, kisha uombe kompyuta ya dukani uifungue faili hiyo. Duka lenye antena inayofanya kazi halina sababu ya kukukatalia, na lisilo na antena halijaijaribu bidhaa linalokuuzia.

## Antena kwanza, diski baadaye

Analojia ilipodhoofika ilileta chengachenga na bado ukaona mpira. Dijitali haina chengachenga: picha ni safi, au yakatika vipandevipande na kuganda. Ukiwa unatazama moja kwa moja wavumilia. Kwenye rekodi mkatiko huo umeandikwa, hautoki tena, na dikoda nyingine mawimbi yakipotea hufunga faili na kuanza mpya, au huacha kurekodi kabisa bila kukwambia.

Fungua menyu ya mawimbi utaona mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Tazama wa ubora. Nguvu yaweza kujaa hadi mwisho huku ubora wapanda na kushuka. Hutokea busta, yaani kile kikuza mawimbi cha antena, ikiwa kali kupita kiasi, au mawimbi yakigonga jengo refu jirani na kurudi. Asilimia zenyewe kila kampuni huzipima kivyake, kwa hiyo usishindane na jirani. Unachotaka ni mstari uliotulia. Uangalie kwa dakika kumi, usiku na mchana, na uziangalie stesheni za wasambazaji mbalimbali, maana kila mmoja ana masafa yake na moja yaweza kuwa hafifu na nyingine nzuri.

Antena iwe ya UHF, yaani yenye vijiti vifupi. Ile ya mirija mirefu iliyobaki juu ya mabati tangu zama za VOK, yaani KBC ya zamani, ishushe, haisaidii. Minara mingi inayohudumia mji iko upande wa bara, kwenye miinuko ya Mazeras, kwa hiyo aliye Likoni na aliye Bamburi hawaelekezi sawa. Njia ya haraka ni kutazama antena za majirani wenye picha nzuri.

Sasa chumvi. Anayeishi Nairobi hana habari nayo, lakini kwetu upepo wa bahari hula kila kitu cha chuma. Antena huonekana nzima, fundi akabadilisha dikoda, akabadilisha kebo ya HDMI, kumbe ugonjwa uko kwenye kile kiungio kidogo cha kebo huko juu. Kifungue. Ukiona waya wa shaba wa katikati umeota kutu ya kijani, au nyuzi zinazouzunguka zimekuwa nyeusi, hapo ndipo. Kata kama sentimita tatu za kebo. Ikiwa bado shaba ni nyeusi kata tena hadi ufikie inayong'aa. Imenye upya, weka kiungio kipya, kaza, kisha zungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, si ile tepu ya umeme ya kawaida ambayo jua huibandua kwa miezi michache. Kebo iache ipinde kwenda chini kabla ya kuingia ndani, maji ya mvua yadondoke badala ya kuifuata hadi kwenye dikoda. Kazi hii ifanye kila mwaka kabla ya masika.

Antena yako ikiwa na busta inayokula umeme kutoka kwa dikoda, hakikisha kwenye menyu umeme wa antena umewashwa. Isiyo na busta, uzime.

## Diski: hapa ndipo pesa hupotea

Hesabu ni rahisi. Chukua megabiti kwa sekunde za stesheni uzidishe kwa 0.45, utapata gigabaiti kwa saa. Stesheni ya picha ya kawaida ikitumia megabiti 2 hadi 3, saa moja yala kati ya gigabaiti 0.9 na 1.35. Ya HD ikitumia 5 hadi 8, saa moja yala kati ya 2.25 na 3.6. Kwa hiyo flashi ya gigabaiti 32 yachukua saa ishirini na kitu za picha ya kawaida, au kama saa nane tisa za HD nzito. Kwa anayerekodi taarifa, akatazama na kufuta, 32 yatosha sana. Anayehifadhi tamthilia nzima anunue diski ya gigabaiti 500.

Jihadhari na flashi bandia. Flashi inauzwa kando ya barabara imeandikwa terabaiti moja, bei yake haifiki ya flashi halali ya gigabaiti 64. Ndani yake mna chipu ndogo iliyodanganywa itangaze ukubwa isiokuwa nao. Ikijaa, huandika juu ya yaliyomo: majina ya faili utayaona yote yamejipanga vizuri, ukubwa wake uko sawa, lakini ukibonyeza hazichezi. Kabla hujaiamini flashi yoyote, ijaribu kwenye kompyuta. Kwa Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw. Kwa Linux na Mac kuna F3. Huijaza flashi yote kisha huisoma kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichobaki. Huchukua saa kadhaa, na huokoa mengi.

Kasi nayo huleta matata. Rekodi haihitaji kasi kubwa, hata megabiti 8 ni kama megabaiti moja tu kwa sekunde. Shida ni kwamba flashi duni huandika, ikasita sekunde mbili, ikaandika tena. Katika kusita huko picha hupotea. Ukiona rekodi yakatika ilhali ubora wa mawimbi umetulia na matangazo ya moja kwa moja hayakatiki, usimlaumu mnara. Badilisha flashi.

Nikiulizwa mimi, nitachagua diski ya laptopu ya zamani iliyotiwa kwenye kasha la USB. Ni rahisi kupatikana, ni kubwa, na hustahimili kuandikwa na kufutwa kila siku kuliko flashi. Ila ina sharti moja la umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na diski inapoanza kuzunguka yaweza kutaka zaidi. Weka sikio karibu: ikilia tik, ikatulia, ikalia tik tena, na dikoda yasema hakuna diski, ujue umeme hautoshi. Dawa ni kasha lenye adapta yake, au kigawanyaji cha USB chenye adapta yake. Na usiilaze diski juu ya dikoda. Joto la Mombasa latosha, halihitaji la nyongeza.

## Kufomati

Ifomati diski ndani ya dikoda yenyewe ikiwa menyu yaruhusu. Njia hiyo haina ubishi, dikoda itachagua inachokielewa. Ukilazimika kutumia kompyuta, chagua mfumo wa faili wa NTFS, na jedwali la diski liwe MBR, kwani dikoda nyingi hazisomi GPT. FAT32 nayo hukubalika karibu kila mahali, ila haipokei faili inayozidi gigabaiti 4, hivyo dikoda itakukatia mechi vipande viwili vitatu. Flashi kubwa za gigabaiti 64 na kuendelea hutoka dukani zikiwa exFAT, na dikoda nyingi huiona flashi hiyo kama haipo. Watu hurudi kuigombeza duka kwa sababu hii tu.

Ukishafomati, ingia mipangilio ya PVR. Kuna kitu kiitwacho timeshift, kinachokuwezesha kusimamisha matangazo uende kupokea simu. Kizuri, lakini kikiwa cha kujiwasha chenyewe, dikoda huandika diski saa zote unapotazama, na flashi huchakaa upesi. Kizime, ukiwashe unapokitaka.

## Saa na tarehe

Taima, yaani agizo la kurekodi kwa saa uliyoiweka, hutegemea saa, na dikoda haijui saa za Kiswahili. Hutumia saa 24. Saa za mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6. Kuanzia saa moja hadi saa tano usiku, ongeza 18: taarifa ya saa moja ni 19:00, ya saa tatu ni 21:00. Saa sita usiku ni 00:00, na kuanzia saa saba hadi alfajiri utatoa 6.

Tarehe ndiyo huponza zaidi. Kwetu pwani usiku hutangulia mchana. Mzee akisema usiku wa Ijumaa, anasema Alhamisi jua likishatua. Dikoda hubadilisha siku saa sita usiku. Kipindi cha usiku wa Ijumaa saa tatu kiandike Alhamisi 21:00. Kile cha saa saba za usiku huohuo kiandike Ijumaa 01:00. Ukiandika kwa mazoea ya ulimi, dikoda itarekodi kitu kingine saa 24 baadaye, na haitakuwa na kosa.

Kwenye menyu weka majira ya GMT+3 na uzime badiliko la saa za kiangazi, maana Kenya hatuna. Kisha linganisha na simu yako. Dikoda hupokea saa kutoka kwa mawimbi, na nyingine huichukua kwa stesheni uliyo nayo wakati huo. Stesheni moja ikituma saa iliyopotea, dikoda yapotea nayo. Ukiona saa yabadilika unapohama stesheni, iondoe kwenye hali ya kujiweka yenyewe uiandike kwa mkono, kama dikoda yako yaruhusu.

## Kuweka taima

Kuna ratiba ya vipindi, kitufe cha EPG. Stesheni ikiwa imeijaza vizuri, wateua kipindi, wabonyeza kurekodi, umemaliza. Lakini ratiba hizo mara nyingi huwa tupu, au husema katuni wakati hewani mna siasa. Jifunze kuweka kwa mkono.

Tuseme wewe hukaa darsani baina ya magharibi na isha, na taarifa ya saa moja hukupita kila siku. Fungua menyu ya Timer na uongeze mpya. Chagua stesheni. Marudio yawe kila siku, au Jumatatu hadi Ijumaa kama dikoda ina chaguo hilo. Kuanza andika 18:55, si 19:00. Muda andika saa moja na robo. Stesheni zetu hazifungwi na dakika, na matangazo ya biashara husukuma kila kitu mbele. Kisha, na hapa wengi huteleza, aina ya taima iwe ya kurekodi. Dikoda nyingi zina aina mbili: moja huiwasha tu na kuipeleka kwenye stesheni, nyingine huandika kwenye diski. Mara nyingi ile ya kwanza ndiyo iliyotangulizwa.

Ukitoka, izime dikoda kwa rimoti iingie stendbai. Usiizime kwa swichi ya ukutani. Najua mama wa nyumba wana mkono wa kuzima kila soketi kabla ya kutoka, na kwa bili za stima siwalaumu, lakini soketi ikizimwa taima haina maana. Runinga yenyewe izime kabisa, hata uichomoe. Haihitajiki kwa kurekodi.

Usingoje siku ya mechi kubwa ndipo ujaribu. Weka taima ya dakika tano zijazo, muda dakika tatu, tia stendbai, kanywe chai. Ukirudi ukute faili. Usipoikuta, ubovu uko kwenye aina ya taima, kwenye saa, au dikoda yako haiamki kutoka stendbai, na sasa unao wasaa wa kutafuta.

Kwa mechi za Ulaya ongeza nusu saa nzima mwishoni, na saa nzima ikiwa kuna uwezekano wa muda wa ziada na penalti. Kumbuka pia Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hivyo mechi iliyokuwa ikianza saa tano usiku kwetu huanza saa nne kipindi cha kiangazi chao. Taima ya kila wiki haitajua. Na uangalie menyu ya kujizima: dikoda nyingine hujizima zikikaa saa tatu au nne bila kuguswa rimoti.

## Stima ikipotea

Stima ikikatika saa kumi na kurudi saa kumi na mbili, dikoda nzuri huwaka, hupata saa kutoka hewani, na hukumbuka taima zake. Nyingine huwaka ikidhani ni 1 Januari saa sita usiku na hubaki hivyo hadi uiguse. Jaribu yako: weka taima, izime soketini, iwashe, utazame saa. Kama menyu ina chaguo la hali baada ya kurudi kwa umeme, liweke kwenye kuwaka, si stendbai.

Mahali stima hupotea mara kwa mara, yale mabetri madogo yanayouzwa kwa ajili ya ruta za intaneti hufaa pia kwa dikoda. Soma kibandiko cha adapta yako kwanza. Dikoda nyingi hutumia volti 12, lakini ziko za volti 5, na ukikosea utaiunguza. Volti ziwe zilezile, ampia za betri zisiwe chini ya zilizoandikwa, na upande chanya wa plagi ulingane. Usisahau kwamba busta ya antena yenye adapta yake nayo yahitaji umeme. Dikoda hai na antena mfu hazirekodi kitu.

Rekodi iliyokatizwa na stima huenda ikaonekana na ukubwa sifuri, au isichezwe na dikoda. Ipeleke kwenye kompyuta kabla ya kuifuta. Windows ikitaka kuikagua diski, iruhusu, kisha jaribu faili kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video.

## Kutoa faili na kuzitunza

Simamisha rekodi, tia dikoda stendbai, ndipo uchomoe flashi. Kwenye kompyuta utakuta folda yenye jina la ajabu. Dikoda nyingi za bei nafuu huiita ALIDVRS2, na ndani yake kila rekodi ina folda yake. Faili kubwa yenye mwisho wa .ts ndiyo picha na sauti. Zile ndogo ni kumbukumbu za dikoda. Ukizifuta, dikoda haitaitambua rekodi, ingawa kompyuta haizihitaji.

VLC huicheza .ts bila maneno, kwenye kompyuta na kwenye simu. Ukitaka kuigeuza iwe MP4 bila kupoteza ubora, programu ya ffmpeg huifanya kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i rekodi.ts -c copy taarifa.mp4

Humaliza kwa dakika chache kwa sababu haisagi picha upya, yaihamisha tu. Kuipunguza ukubwa ni kazi ya HandBrake, na hapo kompyuta itapiga feni kwa muda. Kukata matangazo ya biashara, tumia Avidemux. Ukishamaliza, ipe faili jina la maana: stesheni, kipindi, tarehe. Faili kumi na tano zinazoitwa 000.ts hazitafutiki.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 yaruhusu matumizi ya haki kwa shughuli za binafsi. Kurekodi utazame kwako ni hivyo. Kuuza nakala, au kuonyesha kwenye kibanda cha video kwa kiingilio, si hivyo.

## Stesheni mbili kwa wakati mmoja

Dikoda ya kawaida ina kipokezi kimoja. Ikirekodi, nyingi hukuruhusu kutazama stesheni nyingine iliyo kwenye masafa yaleyale, yaani ya msambazaji huyohuyo. Nyingine zikibadilishwa husema rekodi itasimama. Suluhisho jepesi ni kutumia tundu la kutolea antena nyuma ya dikoda: kebo yatoka hapo hadi kwenye runinga yenye DVB-T2 au dikoda ya pili, moja yarekodi, nyingine yaonyesha.

Mpenda kompyuta aweza kwenda mbali zaidi. Raspberry Pi, yaani kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye kadi yake ya TV, au kompyuta yenye kipokezi cha USB cha DVB-T2, ikitiwa programu ya Tvheadend, hurekodi na kusambaza kwa simu zote nyumbani. Hakikisha kipokezi ni cha T2. Vile vya DVB-T ya awali vingali vyauzwa na havitapata stesheni hata moja.

## Kama bado una mashine ya kaseti

Hufanya kazi, ila sasa ni mtumwa wa dikoda. Toa waya za AV, njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti, kutoka dikoda hadi upande wa kuingizia wa mashine. Chagua kwenye mashine AV au L1 badala ya stesheni. Dikoda ikiwa na tundu moja dogo la duara, nunua waya wake. Waya hizo hazifanani, na ukipata sauti bila picha hamisha rangi moja baada ya nyingine. Weka taima mbili: ya dikoda iwe ya kuwaka na kwenda kwenye stesheni, ya mashine ianze dakika moja baadaye. Kanda ya E-180 ni saa tatu kwa kasi ya kawaida, sita kwa kasi ya LP, na picha ya LP si ya kujivunia.

Kwa kweli mashine hiyo leo ina kazi bora zaidi, nayo ni kuzitoa kanda za zamani ziingie kwenye kompyuta kupitia kidude cha kunasia picha cha USB, waya zilezile za AV. Kabla ya kutia kanda yoyote, fungua kile kifuniko cha mbele uimulike. Ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe ni kuvu, unyevu wa pwani huileta, na kanda hiyo ikizunguka huipaka mashine nzima na kila kanda itakayofuata. Itenge kwenye mfuko wake, isubiri fundi wa kuisafisha, na uendelee na zilizo safi.